Karatasi ya Wanawake wa Vinyungu

Nesta alipoolewa kwenye mji wa Jumbe Mbonile, jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa kisima kilipo wala kuni zinapookotwa. Alifundishwa kuchuchumaa. Mama mkwe wake, Ketrina, alimkalisha mkekani akamweleza taratibu, kama mtu anayehesabu mbegu: ukimwona baba mkwe wako anakuja, toka njiani, ingia majanini, mpe mgongo, chuchumaa mpaka apite. Usile anapokula. Usimtazame usoni. Na jina lake lisitoke kinywani mwako, hata ukiwa na homa.

"Na nikilazimika kumtaja, mama?"

"Hulazimiki. Sema 'mwenye mji'. Kila mtu atakuelewa."

Na kweli walimwelewa. Kijiji chenyewe, kile kilichokaa kwenye mikunjo ya milima juu ya Isongole, kiliitwa Kwa Mbonile, kwa hiyo Nesta hakuweza kutaja hata mahali anapolala. Alipokwenda sokoni, mtu akimwuliza anatoka wapi, alijibu, "Kule mtoni," akielekeza kwa kidevu. Wauza chumvi walicheka kidogo. "Aa, huyu ni mkamwana wa jumbe," waliambizana, wakaendelea kumpimia.

Mwinjilisti alikuwa amehubiri mara mbili kwamba mambo hayo yamepita. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakamwana wakaendelea kuchuchumaa. Maana ilijulikana kwamba mkamwana akimtaja baba mkwe, madhara hayamwangukii yeye. Yanamwangukia mtoto wake. Mtoto anakonda, anakauka, macho yanakuwa makubwa kuliko uso. Nesta alikuwa amekwisha kumzika mtoto wake wa kwanza, kifaduro kilimchukua akiwa na mwaka mmoja. Siku za msiba alikaa akijiuliza kama kuna siku aliteleza ulimi bila kujua. Hakumwuliza mtu. Sasa alikuwa na Leah, mwenye miezi saba, na alimbeba mgongoni kama mtu aliyebeba yai.

Mumewe, Danford, alikuwa amevuka Tunduma kwenda migodini Rodeshia. Barua zake alizisoma Nesta mwenyewe, kwa sababu alifika darasa la nne kwenye shule ya misheni kabla baba yake hajasema inatosha. Katika kijiji kizima hapakuwa na mwanamke mwingine aliyejua kuandika. Wanaume waliojua walikuwa watatu: Danford na mwenzake waliokuwa migodini, na mwinjilisti.

Mwaka wa hamsini na tatu, mahindi yalipokwisha kuingia ghalani, Kasiani, karani wa baraza, alipanda kijijini na karatasi. Alisimama mbele ya nyumba ya jumbe akasoma sheria inayokusudiwa. Udongo unaporomoka, mito inajaa tope. Kwa hiyo ni marufuku mtu yeyote kulima chini ya hatua hamsini kutoka mto, kijito au chemchemi. Atakayekutwa mazao yake yatang'olewa, naye atafungwa mwezi mmoja. Mwenye neno alilete kwa maandishi siku ya baraza la mwezi wa nane, akionyesha jina lake, kijiji chake na jumbe wake. Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, atakuwepo siku hiyo, saa sita ataondoka, na karatasi atakazozitia mkobani ndizo zitakazosomwa bomani.

Wanaume walikung'uta makalio wakaenda zao. Mashamba yao yalikuwa juu, ya kahawa na mahindi. Wanawake hawakuinuka.

Bonde la kijiji kile ni jembamba. Ukihesabu hatua hamsini kutoka mtoni umekwisha kugonga mlima. Na pale chini, pembezoni mwa maji, ndipo palipokuwa na vinyungu: matuta yanayolimwa wakati wa kiangazi, nchi nyingine yote ikiwa imekauka, yakapandwa maharage, mahindi ya kuchoma na maboga. Chakula hicho hukomaa mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, ghala zikiwa zimebaki vumbi na panya. Kinyungu kilikuwa cha mwanamke. Mume hakukiuza wala hakukigawa. Nesta alikuwa na matuta kumi na mawili, na alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba Leah ataanza kula chakula kizito miezi hiyohiyo ya njaa.

"Aliyepima hatua hamsini," alisema Ferista, "hajawahi kumpikia mtoto."

Ferista alikuwa mjane na mkunga. Nusu ya watoto wa kijiji waliangukia mikononi mwake, na kwa sababu hiyo hakumwogopa mtu mzima yeyote.

"Karani amesema maandishi," alisema tena, akamgeukia Nesta. "Haya, mama Leah. Ile shule ulikwenda kufanya nini kule?"

Jumbe Mbonile alikuwa ameweka kidole gumba kwenye sheria ile pamoja na majumbe wenzake. Mwaka uliotangulia, jumbe mmoja wa upande wa pili alikataa jambo la boma, na kabla ya mvua alikuwa si jumbe tena. Mbonile alilijua hilo. Alipopata habari za wanawake, alitangaza kwamba hataki mikutano ya wanawake kijijini kwake.

Lakini vinyungu havilimwi na mtu mmoja. Vinalimwa kwa zamu: leo wote kwa Ferista, kesho wote kwa Ketrina, keshokutwa kwa Marita, mpaka mto mzima umepinduliwa. Hakuna aliyehitaji kuita mkutano. Walikwenda kulima kama kila mwaka, na majembe yakipanda na kushuka, maneno yakapandwa pamoja na maharage.

Mwanzoni maneno hayo yalikuwa ya hasira tupu. Mmoja alitaka iandikwe kwamba Bwana Shauri naye aje ale udongo anaoupenda. Nesta alisikiliza siku mbili nzima. Siku ya tatu alisema, kwa sauti ndogo, akiwa ameinama, "Wao wanalia udongo unaingia mtoni. Tukiwaambia tutauzuia usiingie, watalia nini tena?"

Majembe yalisimama.

"Endelea," alisema Ferista.

"Tuache ukingo wa majani. Hatua tano, majani tu, jembe lisiguse. Udongo ukishuka unakamatwa na majani. Si ndivyo tunavyoona kwa mama hapa, kwenye kinyungu chake?" Alimaanisha Ketrina, ambaye matuta yake ya chini alikuwa ameyaacha kuwa majani miaka mingi kwa sababu ya mgongo kuuma, na kweli mto pale ulikuwa safi.

Ketrina aliguna. "Uvivu wangu umekuwa elimu."

Wakacheka, na neno likakubaliwa. Karatasi ilinunuliwa dukani Isongole, karatasi mbili kubwa zenye mistari, pamoja na kichupa cha wino. Vidole vilichovywa masizi ya chungu yaliyokorogwa na mafuta ya nyonyo. Wengine waliogopa.

"Kidole changu kikilala bomani, na mimi nikilala huku, hakitaniita?"

"Kitakuitia nini, Marita? Kimeota ugumu kwa mchi. Wataona kama alama ya kwato."

"Lete chako basi tuone, kama si boga!"

Hivyo wakaweka, mmoja mmoja, kila mtu alipofikiwa na zamu yake ya kulimiwa. Wanawake hamsini na wanane. Nesta aliandika jina la kila mmoja kando ya alama yake. Juu kabisa aliandika: "Sisi wanawake wa kijiji cha mtoni, tulio chini ya mwenye mji wetu, tunaleta neno letu kwa heshima." Hakusita kuandika hivyo. Aliisoma kwa sauti kwenye zamu tatu tofauti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyesikia kasoro. Ndivyo mkamwana anavyosema. Masikio yao yalikuwa yameizoea.

Jumbe alijua kila kitu, lakini mila ileile iliyomfunga Nesta ilimfunga na yeye. Hakuweza kumwita mkamwana wake akamkaripia. Asubuhi moja alisimama uani, Nesta yumo jikoni, akawaambia kuku.

"Nyinyi kuku, nasikia mmeanza kuandika barua. Kuku wa mji huu wamesoma sana. Wanataka bwana wao aonekane mjinga mbele ya serikali."

Nesta aliacha kukoroga uji. Leah alimvuta sikio.

"Kuku wanatafuta chakula, baba Danford," alijibu Ketrina kutoka barazani, akichambua maharage. "Usiwatishe, watakutagia mayai mabovu."

"Wewe nawe umo?"

"Mimi kidole changu ni cha kwanza."

Jumbe aliondoka. Kwa siku nne, mpaka siku ya baraza, hakula chakula kilichotoka jiko lile. Nesta aliona bakuli linarudi limejaa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ketrina alimwambia ale yeye, ananyonyesha.

Siku ya baraza waliondoka kabla jua halijatoka, wanawake kumi na wawili, wengine wakibaki na watoto na mifugo. Nesta alimfunga Leah mgongoni kwa mbeleko mbili. Karatasi aliibeba Ferista, imekunjwa ndani ya kitambaa cha kanisani.

Nyumba ya baraza ilikuwa ya matofali, imeachwa wazi upande wa mbele. Humo walikaa majumbe kwenye benchi, na Bwana Shauri mezani, kijana mwembamba mwenye shingo nyekundu, akiandika bila kuinua kichwa. Nesta hakuweza kufika mbele, kwa sababu baba mkwe wake yupo benchini. Alizunguka nyuma pamoja na wenzake, kwenye kidirisha cha chumba cha karani. Hapo ndipo karatasi zilipopokelewa.

Kasiani alifungua kitambaa, akaikunjua karatasi, akavaa miwani. Alisoma midomo ikitikisika. Kisha alisoma tena mwanzo.

"Kijiji cha mtoni," alisema. "Kipi hicho?"

"Chetu," alisema Ferista.

"Mama, kila kijiji hapa kina mto." Alivuta daftari kubwa, akapekua. "Hapa nina vijiji ishirini na kimoja. Cha mtoni hakimo. Halafu jumbe. 'Mwenye mji wetu.' Mwenye mji ni nani?"

"Si ni Mbonile!" alisema Ferista. "Unamjua, umekula kwake."

"Nimekula. Lakini yuko wapi hapa?" Aligeuza karatasi kuwaonyesha. "Amri imesema jina, kijiji, jumbe. Majina yapo, mazuri kabisa. Kijiji hakipo, jumbe hayupo. Nikimpelekea Bwana Shauri hii, ataniuliza imetoka mwezini?"

Ferista aliitazama karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akageuka polepole kumtazama Nesta. Wote wakageuka. Nesta aliikodolea macho karatasi yake. Mara tatu ameisoma! Mara tatu, mbele ya watu wote.

"Andika wewe hapo, bwana karani," alisema Marita. "Neno moja tu."

"Thubutu. Mwaka jana nilimsahihishia mzee mmoja herufi, nikaitwa boma kujieleza siku mbili. Mkono ulioandika ndio utakaosahihisha. Nani ameandika?"

Ketrina ndiye aliyesema, "Ni huyu. Ni mkamwana wake."

Kasiani alivua miwani. Yeye naye alikuwa mtu wa milima ileile, ana mke na ana wakwe.

"Kumbe," alisema. Akachungulia nje kupima jua. "Saa tano imepita. Mwinjilisti hakuja?"

"Alisema hataki mambo ya serikali."

"Basi mimi sina la kusema. Karatasi hii hapa, kalamu hii hapa. Bwana Shauri akisimama, dirisha nalifunga."

Akaisukuma kalamu mpaka ukingoni mwa dirisha. Wanawake wakaanza kunong'ona wote kwa pamoja.

"Mdomo ndio umekatazwa. Mkono haujakatazwa. Andika, mama Leah."

"Nani kakwambia haujakatazwa?"

"Nani kakwambia umekatazwa? Kuna mkamwana gani aliyewahi kushika kalamu hapa, tukamwuliza?"

"Mtoto akikauka, Ferista, ni wewe utamnyonyesha na hayo maziwa yako ya miaka sitini?"

"Watoto wangapi watakauka mwezi wa kwanza? Wahesabu! Anza na wa kwako, Marita."

Nesta hakusikia vizuri. Alikuwa anasikia pumzi ya Leah kwenye shingo yake, ya moto, ya mtoto aliyelala. Aliona matuta yake kumi na mawili, maharage yamekwisha kutoa majani mawili mawili. Aliona pia kaburi dogo nyuma ya mgomba. Alimtazama mama mkwe wake.

"Mama."

"Sitakuambia andika," alisema Ketrina. "Na sitakuambia acha. Mimi nilikufundisha nilichofundishwa, hiki hawakunifundisha." Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Asiwe mgongoni mwako."

Alifungua mafundo ya mbeleko mwenyewe, akamtoa Leah, akamfunga kifuani mwake, akaenda naye mbali, mpaka chini kwenye mti wa mvule walipofunga punda wa boma. Alimpa Nesta mgongo ili mtoto asiwe upande wa kalamu.

Nesta alijifuta kiganja kwenye kaniki. Alichovya. Aliandika M, na ikawa M tu, herufi kama herufi nyingine zote alizofundishwa shuleni. Aliandika b. Bado halikuwa jina la mtu. Aliandika o, na n, na i, na l, na kila herufi alijiambia ni hiyo moja tu, haina mwenyewe. Lakini alipoiweka e, jina lilikuwa limekaa pale, zima, limemtazama. Doa la wino lilidondoka pembeni yake. Akaliandika mara ya pili, kwenye mstari wa jumbe, na mara hii herufi zilipanda mlima.

Kasiani alipuliza wino, akaitia karatasi juu ya nyingine, akaondoka nazo. Nesta alichuchumaa chini ya ukuta, akashika mikono yake miwili katikati ya magoti.

Ukutani palikuwa na tundu za kupitisha hewa, na kila neno la ndani lilipita. Bwana Shauri alizipitia karatasi moja moja. Zilikuwa chache.

"Jumbe Mbonile," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake. "Wewe ulikubali sheria hii. Kidole chako kipo. Sasa wanawake hamsini na wanane wanaipinga, wanasema wewe ni jumbe wao. Lakini jina lako limeongezwa. Wino haujakauka. Mimi nitajuaje kwamba hawa ni watu wako? Kama si halali, naiacha hapa."

Benchi lililia mtu mmoja aliposimama.

"Nani ameandika?" Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Nesta alifumba macho.

"Nesta, mke wa Danford," alijibu Kasiani.

Mtu akapiga kofi pajani. Alikuwa Jairo, jumbe wa kijiji cha jirani, mtu mwenye utani mkali. "Loo! Mkamwana amekutaja mbele ya serikali, Mbonile! Kesho atakulisha kwa mkono wake na kukupangusa mdomo!"

Majumbe walicheka, wengine wakiinama kuficha nyuso. Huko nje Ferista alimshika Nesta begani, kwa nguvu, kama anavyomshika mwanamke anayejifungua.

"Naomba niishike," alisema Mbonile.

Alipewa. Nesta alisikia karatasi ikichakacha mikononi mwa mtu asiyejua kusoma. Neno moja kutoka kwake, "sio", na matuta yote ya bonde yangekwisha. Na alikuwa na kila sababu ya kulisema. Aliyemsaliti ni mke wake, aliyemvunjia heshima ni mkamwana wake, na aliyekuwa mezani ndiye mwenye kumvua ujumbe.

"Bwana, mimi kusoma sijui," alisema Mbonile mwishoni. "Lakini hapa kuna wazee wana masikio. Wazee, yupo aliyemsikia mkamwana wangu akinitaja?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza. Yupo?"

"Hatujasikia," alisema mzee mmoja.

"Mimi pia sijasikia. Jairo, wewe umesikia?"

"Sijasikia, ila karatasi hiyo..."

"Kama hujasikia, kaa." Alikohoa. "Bwana, jina hili ni langu. Wanawake ni wangu. Wa kwanza hapo ni mama wa watoto wangu, nafikiri alama yake ni kubwa kuliko zote."

"Na kidole chako kwenye sheria?"

"Nacho ni changu."

"Vyote viwili haviwezi kuwa kweli, jumbe."

"Vinaweza, bwana. Kile nilikiweka mwezi wa sita, ghala limejaa. Njoo ule nyumbani kwangu mwezi wa kwanza, halafu uniulize tena."

Nesta alihesabu pumzi zake. Alifika kumi na moja aliposikia mkoba wa ngozi ukifungwa, na Bwana Shauri akiagiza punda. Kasiani alitokeza kichwa dirishani. "Imeingia," alisema, akafunga dirisha.

Waliporudi walikutana na jumbe kwenye kona ya njia, walikuwa wamempita akipumzika penye kivuli na sasa anawajia kwa nyuma. Nesta aliingia majanini, akampa mgongo, akachuchumaa. Hatua zake zilikaribia, zikapungua, zikasimama. Nesta aliona sisimizi wakipita kwenye kidole chake cha mguu na hakuthubutu kuwakung'uta. Kisha hatua zikaendelea. Hakuwaambia kuku kitu, wala mke wake, si siku hiyo wala nyingine. Lakini jioni ile bakuli lilirudi jikoni tupu.

Majuma yaliyofuata Nesta alimtazama Leah kuliko alivyotazama moto. Alimpima mkono kwa kidole cha shahada na cha gumba, asubuhi na jioni. Siku ya nane mtoto alichemka mwili, akakataa ziwa, na Nesta akakaa naye chini, bila kulia, akijua. Ferista alikuja, akatia kidole mdomoni mwa mtoto, akakitoa haraka. "Ameniuma," alisema. "Meno mawili. Nenda kalime." Nesta alikwenda kulima, lakini mkono wa Leah aliendelea kuupima mpaka mvua zilipoanza, na hata baada ya hapo.

Mwezi wa kumi jumbe aliitwa boma. Alikaa huko siku nne, na kila siku Ketrina aliketi mlangoni akitazama njia. Alirudi akiwa bado jumbe, ila hakueleza alichoambiwa. Mwezi wa kumi na moja Kasiani alipanda tena na karatasi. Hatua hamsini zilibaki kuwa hamsini. Lakini kwa vijiji vilivyoleta neno kwa maandishi, vinyungu vilivyokwisha kulimwa vitaachwa, mradi hatua tano kutoka majini ziwe majani. Vijiji hivyo vilikuwa viwili. Kasiani alivitaja, na kimoja kilikuwa Kwa Mbonile. Cha Jairo hakikuwemo.

Juma lilelile walinzi wa boma walipita ng'ambo ya mto, kijijini kwa Jairo, wakang'oa mahindi yaliyofika kiunoni. Wanawake wa ng'ambo walisimama wakitazama, na wanawake wa huku hawakupiga vigelegele. Nesta aliwajua kwa majina. Walikuwa wakiazimana mbegu.

Siku ya pili bwana shamba alikuja upande wa huku na vigingi vya kupigilia mpaka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye buti. Alisimama ukingoni mwa maji akahesabu hatua tano, na buti la tano likatua katikati ya tuta la tatu la Nesta, juu ya maharage yenye maua.

"Mpaka hapa," alisema. "Haya yote yang'olewe."

"Hiyo si tano!" alisema Ferista. "Hiyo ni tisa!"

"Mama, nimehesabu mbele yako."

Nesta alimrekebisha Leah mgongoni. "Bwana shamba," alisema, "karatasi ya sheria unayo? Naomba unisomee panaposema hatua za nani."

Mtu yule aliitoa mfukoni, akasoma, akarudia. Aligeuza nyuma, hapakuwa na kitu. Alimtazama yule mama kijana aliyesimama kwenye tuta la tatu na mtoto mgongoni, kisha wanawake waliojipanga mto mzima na majembe yao, na wale wa ng'ambo nao wamekuja mpaka majini kusikiliza.

"Haikusema," alikiri.

"Basi na mimi nipime."

Alishuka mpaka maji yakamgusa kisigino. Akageuka, akaanza kupanda, hatua za mtu aliyebeba mtoto kwenye mteremko, wanawake wakihesabu pamoja naye kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mguu wa tano ulisimama kwenye majani, mkono mmoja kutoka tuta la kwanza. Hakuusogeza.

Bwana shamba alikuna shingo. Akachukua kigingi kimoja, akainama miguuni pa Nesta, akakipigilia hapohapo.